Anwani sio sanduku la posta

Nianze na neno moja tu maana hilo ndo lililoniingiza kwenye haya mambo yote ya kufundisha watu kuhusu simu zao, na kutafuta nani atalipia hayo mafunzo. Ukiweka programu mpya kwenye simu ambayo lugha yake ni Kiswahili, kuna mahali inakuuliza kama ungependa kuiruhusu ifikie anwani zako. Chini yake unachagua, uruhusu au usiruhusu. Sasa kamuulize mama yeyote wa hapa Tanga aliyeishia la saba, anwani ni nini. Atakwambia ile ya kwenye barua, inakaa juu kulia, S.L.P. ngapi sijui, Tanga, tulichapwa fimbo kwa kuiweka kushoto. Kwahiyo anasoma pale anaona hawa watu wanataka sanduku la posta, yeye sanduku la posta hana, hana cha kuficha, anabonyeza kuruhusu. Kumbe hapo anwani ni majina na namba zote alizohifadhi, mama mkwe, mwenyekiti wa kikoba, ustadhi wa madrasa ya mtoto, fundi friji, wote.

Hili sikulisoma popote, nilifundishwa na mama mmoja muuza mihogo aliyekuja stationery ninapofanya kazi kuchapa barua ya kupeleka serikali ya mtaa. Alikopa elfu hamsini kwenye programu ya simu, ikaingia elfu thelathini na tano, eti nyingine ni gharama za huduma, na baada ya siku saba akatakiwa arudishe hamsini na zaidi kidogo. Siku ya nane watu karibu wote kwenye simu yake wakapata meseji, picha yake na maneno kwamba huyu ni tapeli mwambieni alipe. Waswahili wanasema mchuma janga hula na wa kwao, ila huyu wa kwao walikuwa hadi fundi friji. Nikamuuliza mama, uliwapaje namba za watu? Akasema sijawapa. Tukafungua simu pale kaunta, tukaingia kwenye mipangilio, ruhusa, akanisomea mwenyewe kwa sauti, anwani. Akanitazama. "Si waliuliza posta?"

Barua tuliichapa lakini mi siku ile nililala vibaya.

Basi ndo tukaanza Jumamosi zetu. Mimi, jamaa yangu mmoja fundi simu, na yule mama wa mihogo ambaye aliapa hatakubali mwingine aumbuliwe kama yeye. Tunakutana darasa la chekechea kule Ngamiani, watu wazima tumekaa kwenye viti vya watoto magoti yamefika kidevuni, tunaongea simu. Sio jinsi ya kutumia simu, hiyo wanaijua kunishinda, tunaongea simu inavyokutumia wewe. Pesa inakatwaje kabla haijakufikia, kwanini ukitafuta godoro leo unaletewa magodoro wiki nzima, video ya kiongozi anayetangaza mkopo wa bure wameitengenezaje, ile meseji ya wasap yenye "imesambazwa mara nyingi" maana yake nini.

Sasa nilichotaka kuongelea hasa ni hela, ila nimeshindwa kuanza na hela kabla hujajua tunafanya nini. Hesabu yetu ni hii. Darasa elfu kumi na tano kwa mchana mmoja pamoja na mlinzi. Chai na vitumbua elfu ishirini. Kopi za karatasi, maana watu wanapenda kuondoka na karatasi mkononi, na nauli ya fundi, jumla inacheza elfu hamsini na tano. Mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni moja na laki tatu na ishirini. Hiyo ndo bajeti ya taasisi nzima ambayo hata jina haina.

Mkono mtupu haulambwi, tukaanza kutafuta mdhamini. Na hapa ndo nilijifunza kitu ambacho nataka nikiseme taratibu, kwasababu watu wakisikia "mfadhili anaingilia" wanadhani mfadhili anakuja na kusema danganyeni watu. Hapana. Hakuna aliyewahi kuniambia nidanganye. Kila aliyeleta hela alitaka nifundishe jambo la kweli kabisa. Shida ni lile alilotaka niliache.

Wa kwanza ilikuwa kampuni moja ya mambo ya simu, jina halina kazi hapa. Milioni mbili na nusu, kwa siku moja! Tulichukua, sitajifanya mtakatifu. Walituma bango, tisheti mia moja na hamsini za njano, projekta, spika kubwa na MC. Mada wakasema iwe chanya, wakatuletea slaidi zao: usimpe mtu namba yako ya siri, usijibu meseji ya ile hela tuma kwenye namba hii, mjukuu ashike simu yako ukiwepo tu. Yote kweli, yote yanafaa, mi mwenyewe nayafundisha. Lakini ukikaa ukiyasikiliza vizuri unaona katika somo lile mwizi ni mmoja tu, yuko nje huko, hana jina, na mzembe ni mmoja tu, ni wewe. Mwenye mtambo hayumo kabisa. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza mbona mkopo wa kwenye simu unakatwa riba kabla sijaushika? MC akasema swali zuri sana mama, makofi kwa mama, tutalijibu baadae, sasa tupate burudani, ikapigwa singeli. Hiyo baadae haikufika. Tisheti bado nakutana nazo, wamama wanalimia.

Toka siku hiyo nina kipimo changu. Nikikuta somo lolote la teknolojia, semina, kipindi cha redio, kijarida, siangalii wamesema nini. Naangalia tundu liko wapi, kitu gani ambacho kila mtu mtaani anauliza na hapa hakijatajwa, afu narudi kuangalia nembo iliyopo chini. Mara nyingi tundu na nembo ni ndugu.

Mkitaka mfano mkubwa angalieni jirani zetu Kenya na ile Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, mwaka 2023. Watu walipanga foleni KICC, ule ukumbi mkubwa wa mikutano pale Nairobi, kupigwa picha ya mboni ya jicho kwa lile dude la mviringo, malipo ni sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani kama shilingi elfu saba za kwao. Serikali ikasimamisha tarehe 2 Agosti, siku chache tu baada ya uzinduzi, bunge likaunda kamati, na mwaka 2025 mwezi wa tano Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Wengine waliwacheka, eti Wakenya wameuza macho. Mi sikucheka. Jiweke kwenye ile foleni, una njaa, una swali, mboni yangu itatumika kufanyia nini, je unamuuliza nani? Aliyepo pale wa kukujibu ni wakala aliyeshika dude lenyewe. Sheria ya data Kenya wanayo toka 2019, ofisi ya kamishna ipo, ila sheria haisimami kwenye foleni. Kwenye foleni anasimama mtu, na mtu analipwa na mtu.

Na msidhani hela ya umma haijawahi kuingia kwenye mambo haya. M-Pesa yenyewe, kabla haijazinduliwa Kenya Machi 2007, ilipata karibu pauni milioni moja kutoka mfuko wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, kodi za wananchi wa kule, Vodafone nao wakaweka za kwao. Sisemi ilikuwa makosa, mi bila M-Pesa siwezi kuishi. Nasema tu, kulijenga jambo likapatikana fungu la umma, kuwaelewesha watu jambo lenyewe likaachiwa idara ya masoko.

Sasa mtu atasema basi serikali ilipe yote. Hapo namkumbuka mama yangu mzazi. Mwaka 1973 alikuwa binti wa miaka kumi na tisa kijijini huko Muheza, anajua kusoma, wakamchagua kuwa kiongozi wa kikundi kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wa leo hamuijui hii. Wiki kumi na mbili, watu wanakusanyika kwenye redio, Radio Tanzania inatoa kipindi, afu kiongozi wa kikundi anafungua kitabu anasoma, wanajadiliana, wanaamua cha kufanya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndo walioendesha, Wasweden walichangia fedha, walifundishwa viongozi kama elfu sabini na tano na watu kama milioni mbili walishiriki. Milioni mbili! Bila bando! Mama anasimulia walikuwa wanakaa nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi, redio inawekwa kwenye kinu kilichogeuzwa ili wote waione, sijui kwanini redio ilihitaji kuonekana lakini ndivyo. Baada ya kila kipindi wanaume wanaenda kuchimba vyoo. Choo cha kwao kilichimbwa mwaka ule, mi nimekitumia nikiwa mdogo.

Kwahiyo mtu akiniambia elimu kwa umma ni ghali au watu wetu hawapendi kujifunza namuonyesha choo.

Ila nilimuuliza mama, kuna mtu aliwahi kuuliza kwenye kikundi mbona zahanati haina dawa? Mama akacheka, akasema weee. Balozi mwenyewe ndo mwenye nyumba, utauliza hivo ukae wapi. Unaona? Tundu. Hela ya serikali nayo ina tundu lake. Nikivuta kwenye mambo yetu ya leo, mwaka 2021 mwezi wa saba ilipoanza tozo ya miamala ya simu, watu walikuwa wanataka kujua hii hela inakatwaje, nani anakata, inaenda wapi. Hilo ndo lilikuwa somo la mwaka, hesabu safi kabisa ya kufundishia. Je ningekuwa nalipwa na halmashauri ningelifundisha kwa moyo? Naijua nafsi yangu, ningefundisha namba ya siri.

Afu kuna upande mwingine wa serikali, wa kukulipisha wewe unayeongea. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotoka, mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, ukijumlisha ada ya maombi, ya mwanzo na ya mwaka unafika milioni mbili na laki moja. Wakati ule nilikuwa na blogu ndogo ya mambo ya simu, wasomaji labda mia mbili nusu yao ndugu zangu. Niliiacha ikafa kifo cha kawaida. Bajeti yetu ya sasa ya mwaka mzima haifiki ile ada, nadhani hapo sina haja ya kuongeza neno.

Wafadhili wa nje sasa. Niliandika andiko mara mbili. La kwanza niliambiwa kiwango cha chini wanachotoa ni dola elfu hamsini na wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Nikawaambia mi nataka kama dola mia tano. Wakasema hiyo ni ndogo sana hatuwezi kuichakata. Sikia hiyo, tulinyimwa kwasababu tunaomba kidogo! La pili shirika moja la hapa nchini lilikubali kutuweka chini ya mradi wao wa kupambana na taarifa potofu, fungu lake lilikuwa linatoka Marekani, nikaenda kwenye semina ya siku mbili kujifunza jinsi ya kuripoti, hoteli nzuri, bufee, nilipiga hesabu bufee ya siku ile ingetufungulia darasa miezi kadhaa. Ilikuwa Disemba 2024. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akaingia, siku hiyohiyo akasaini kusimamisha misaada ya nje siku tisini, na zile siku tisini zikaishia kwa miradi mingi kufutwa. Nilipigiwa simu na dada wa mradi, sauti imekauka, yeye mwenyewe kazi imekwisha. Sikuwa na uchungu na hela yetu maana hatukuwa tumeionja, nilimwonea huruma yeye.

Kitu kingine semina hizi zilichotuachia ni posho. Ukimwita mtu Jumamosi swali la kwanza ni nauli mnatoa? Siwalaumu, wamezoeshwa kwamba kujifunza ni kibarua. Yule mama wa mihogo ana jibu lake, anasema posho yako ni aibu usiyoipata, basi watu wanacheka wanakaa.

Kule Ulaya niliwahi kusoma wenzetu wa Denmark walifanya kitu kizuri, miaka ya themanini bunge lao lilianzisha bodi ya teknolojia, na bodi ikawa inaita raia wa kawaida, muuguzi, dereva, mstaafu, kundi dogo tu, wanakaa wikiendi kadhaa wanasoma jambo, afu wao ndo wanawahoji wataalamu na kuandika maoni yao. Sio kuhubiriwa, ni kuhoji. Lakini 2011 serikali ikakata fungu, ikabidi igeuke kuwa taasisi ya kujitegemea. Marekani nako bunge lilikuwa na ofisi yake ya kupima athari za teknolojia toka 1972, ikafungwa 1995 na bunge lenyewe. Matajiri hao. Kwahiyo hata ukipata fungu la serikali zuri kabisa, uhai wake ni kura moja ya bajeti.

Sasa mi nafikiri nini. Nafikiri hela ipo na tayari inakusanywa. Tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulianzishwa kwa sheria ya 2006, makampuni ya mawasiliano yanachangia, unajenga minara vijijini na kupeleka kompyuta mashuleni, kazi nzuri sijasema mbaya. Kenya nao wana wao. Ila mnara unampelekea mtu wa kijijini mtandao na vyote vilivyomo, pamoja na ule mkopo wa elfu hamsini unaoingia thelathini na tano. Kwanini kipande kidogo cha ule mfuko, kidogo sana hata hawatakiona, kisiende kwa vikundi kama vyetu? Milioni moja moja kwa mwaka, risiti mnaletewa, vitumbua mtaviona kwenye risiti, sharti liwe moja tu, anayetoa hela asichague mada. Mada wachague waliokaa kwenye viti vya chekechea. Na orodha ya waliopewa na waliyofundisha ibandikwe hadharani, ili mwenye kipimo kama changu aje atafute tundu letu pia, maana tutakuwa nalo, sijidanganyi.

Najua mtaniambia Benki Kuu inatoa matangazo. Ni kweli, Novemba 2024 walitoa orodha ya programu sitini na tisa za mikopo zisizo na leseni. Niliichapa nikaibandika mlangoni stationery, watu walisimama kusoma. Lakini orodha inakupa majina, na majina yanabadilika wiki ijayo, na yule mama wa mihogo hakuumizwa na jina. Aliumizwa na neno anwani. Nani atalipia masaa mawili ya watu ishirini na tano kukaa kuongea neno moja? Hakuna tisheti ya hiyo.

Kwa sasa tuna kibubu. Kopo la maziwa ya unga limetobolewa juu, linapita na chai, anayeweza anaweka buku, asiyeweza anapitisha. Mtunza hazina ni mama wa mihogo na hana mchezo. Jumamosi iliyopita tumefungua, elfu thelathini na nane na mia saba, na sarafu ya shilingi kumi ya Kenya ambayo aliyeiweka hajajitaja. Tumepungukiwa elfu kumi na sita na mia tatu, nimejazia mimi na fundi, na mama amesema vitumbua basi, kuanzia sasa tutakula mihogo yake, vitumbua vinatufilisi. Amekata hapohapo, hakuna kupiga kura.

Mada ijayo wamechagua wenyewe. Dada mmoja anayeuza nguo mtandaoni alisema kila akifungua tovuti anaambiwa kubali vidakuzi vyote, anakubali, sasa vidakuzi ndo nini? Nikakaa kimya nijipange, maana nami nilianza na lile neno la Kiingereza, cookies, yaani biskuti, na nikaona litanipoteza. Bibi mmoja aliyekaa nyuma, huwa haongei, akasema, "Si wadaku hao? Wanakufata wakasimulie ulikopita."

Nimeandika kwenye daftari kama alivyosema. Ni Jumamosi saa tisa alasiri, njoo na kikombe chako maana vya chekechea ni vidogo na vimebaki kumi na moja.